Kabla ya Kununua Meza

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka mbali, Umoja, Roysambu, Kawangware. Wengi wenu mmeniuliza swali moja mlangoni: ninunue meza gani? Naomba meza isubiri kidogo. Ofisi ya nyumbani hapa Nairobi huanza na dirisha.

Machi 2020, korona ilipoingia, Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Tulikaa popote palipopatikana: kochini, kitandani, kwenye meza ya chakula. Ilikuwa dharura. Kinachonisikitisha ni kwamba wako wanaofanya kazi hivyo hivyo hadi leo, na shingo na mgongo vinawauma kila jioni.

Sasa hilo dirisha. Mji wetu uko kusini kidogo tu mwa ikweta. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, na adhuhuri huwa juu sana. Maana yake ni hii: dirisha la mashariki litakuchoma macho asubuhi, na la magharibi litakiunguza chumba alasiri yote. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini ndilo zuri. Juni jua husogea kaskazini, Desemba kusini, lakini adhuhuri hata kibaraza kifupi juu ya dirisha hulizuia, ukabaki na mwanga tulivu. Kwa hiyo kabla ya kulipa amana ya nyumba, simama katikati ya chumba uulize jua linatokea wapi. Ukitembelea asubuhi pekee, hutajua alasiri kukoje.

Ukishapata dirisha, likae ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako, kwenye mkutano wa video wenzako wataona kivuli tu badala ya uso. Likiwa mbele yako, utafinya macho mchana kutwa. Na msisahau Julai yetu ya baridi na mawingu. Taa nzuri ya mezani ni ya lazima. Wenzangu wa Pipeline, ambako ghorofa zimebanana hata dirisha linatazama ukuta wa jirani, taa hiyo inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya mwanga ni kiti, na hapo sioni haya kusema: fedha nyingi ziende kwenye kiti. Nyayo zikanyage sakafu kikamilifu, magoti yakunjike sawasawa, kiuno kipate cha kuegemea. Meza ndiyo ifuate kiti. Meza nyingi za madukani zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, na kwa mtu mfupi hiyo ni juu mno; anapandisha mabega siku nzima bila kujua. Hapa tuna bahati kubwa. Maseremala wa kando ya Ngong Road watakutengenezea meza kwa kipimo chako. Keti kwenye kiti chako, kunja viwiko, mwombe mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, umpelekee fundi namba hiyo. Laptopu nayo iinuliwe juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha uunganishe kibodi na kipanya chake kando.

Stima. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilienea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakumbwa. Lakini kinachotutesa zaidi ni zile saa mbili tatu za kukatika mtaani. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo kinachozima kwanza ni ruta, kile kisanduku cha Wi-Fi, na ruta hula wati kumi hivi tu. Nunua betri ndogo ya akiba ya ruta. Soma kwanza kibandiko cha chaja yake, kama ni volti 9 au 12. Anayetaka zaidi na apige hesabu: laptopu wati 50 na ruta 10, jumla 60. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600, ambazo kwa wati 60 ni muda wa saa kumi. Ondoa kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unabaki na saa nane hivi. Siku nzima ya kazi.

Intaneti sitaikawiza. Nyumba zetu ni za mawe mazito, na mawimbi ya Wi-Fi ya gigahazi 5 hayapendi mawe. Vuta waya kutoka kwenye ruta hadi mezani, na uwe na bando la simu kama akiba.

Nililotaka hasa kulisema ni la watu wa nyumbani. Mama akikuona umeketi, huona una nafasi ya kutumwa dukani, na hana kosa, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Keti naye, mwambie saa zako. Ukihudumia wateja wa New York, saa tatu asubuhi yao ni saa kumi jioni kwetu, na majira yao ya baridi ni saa kumi na moja. Ndiyo saa watoto wanarudi shule, chakula kinapikwa, televisheni inawashwa. Mpango huo ni wa nyumba nzima, na ukiwashirikisha mapema watakulinda kuliko mlango wowote.

Na wewe unayeishi chumba kimoja, usifanyie kazi kitandani. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta, fundi akufungie ubao wa bawaba unaokunjwa. Keti kitanda kikiwa nyuma yako, tandika shuka moja safi itakayoonekana kwenye kamera. Kazi ikiisha kunja ubao, zima laptopu, uiweke kabatini hadi kesho.

Karibuni kwa maswali.