Mashini ya Barafu: Kutoka Amu Hadi Maonyesho ya Canton

RUKIA: Assalaam aleikum wasikilizaji, karibuni barazani. Mimi ni Rukia, na leo Kaka Lali hana pa kukimbilia. Tangu arudi Uchina mmetuma ujumbe mkiuliza jambo moja: mtu wa Amu, yaani Lamu, ana haja gani ya kwenda maonyesho ya Guangzhou kutafuta mashini ya barafu, na Mombasa iko hapo?

LALI: Waaleikum salaam. Mombasa iko, na nilianzia huko. Bei niliyopewa na muuzaji mmoja, jina lake tuliache, ndiyo iliyonipandisha ndege.

RUKIA: Haya. Hayo maonyesho yenyewe yakoje?

LALI: Maonyesho ya Canton, hilo ni jina la zamani la Guangzhou, ni ya biashara, yapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na kila mara yana awamu tatu. Ya kwanza, tarehe 15 hadi 19, ndiyo ya mitambo, mafriji na sola. Ya pili ni vyombo vya nyumbani na mapambo, ya tatu nguo, viatu na vitu vya watoto. Kwa hiyo mtu wa nguo akikata tiketi ya tarehe 15 atashinda anatazama jenereta.

RUKIA: Na wewe ukachagua Aprili.

LALI: Kwa mtu wa samaki huku kwetu Oktoba haifai, Bi Rukia. Kusi inamalizika, bahari inatulia, kaskazi iko njiani, kila tajiri wa samaki anatafuta barafu, halafu wewe uko Uchina? Aprili kusi inaingia, vyombo vingi vimepandishwa pwani, mtu ana nafasi. Ukilipa amana mwezi wa tano, kiwanda kikaunda, meli ikasafiri, mwezi wa nane hivi unahesabu mzigo Kilindini, bandari ya Mombasa. Kaskazi ikiingia, mashini imeshafungwa.

RUKIA: Kilindini! Na bandari tunayo hapa Lamu, Kililana.

LALI: Usinichokoze. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, tukapiga makofi. Lakini mzigo wa mtu mdogo kama mimi unashuka Mombasa, unapakiwa lori, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe. Yaani unakuja kwa barabara mpaka jirani na bandari.

RUKIA: Tuyaache hayo, tutakesha. Viza?

LALI: Ni viza ya biashara, ile ya herufi M. Unajisajili kwenye tovuti ya maonyesho, wanakutumia barua ya mwaliko, unaipeleka pamoja na makaratasi mengine. Cheti cha homa ya manjano usikisahau. Simu yako iweke WeChat, programu yao ya ujumbe, ukiwa bado nyumbani, maana WhatsApp na Google kule zimefungwa. Mimi nilipitia rominigi ya laini ya hapa, ikafanya kazi, ila inakula hela.

RUKIA: Sasa tuingie ukumbini.

LALI: Kumbi, dada, si ukumbi. Ziko kisiwa cha Pazhou, na waonyeshaji siku hizi ni zaidi ya 30,000. Ukiingia bila kujua unachotafuta utatoka na mfuko wa vipeperushi na miguu imevimba. Mimi nilibeba daftari na stepla. Kadi ya muuzaji naibana kwenye ukurasa, chini yake naandika namba ya kibanda, bei, na bei hiyo inaishia wapi.

RUKIA: Inaishia wapi kivipi?

LALI: Wakikwambia FOB, bei inaishia mzigo ukishapakiwa melini kwao. CIF imebeba nauli na bima hadi Mombasa. Ushuru, VAT ya asilimia 16, gharama za bandarini, lori, mashua, hamali, vyote vyako. Kuna watu wanasikia bei ya FOB wanampigia mke simu kwa furaha.

RUKIA: Na utamjuaje mwenye kiwanda na dalali?

LALI: Tazama kibanda. Kikiwa na mashini ya barafu, pasi na vikaango, huyo ni dalali. Dalali si mtu mbaya, lakini ukimuuliza jambo la ndani ya mashini anaanza kupiga simu. Na mimi maswali yangu yote yalikuwa ya ndani. Kila mahali wameandika tani moja kwa saa 24. Nikauliza: tani moja kwa maji ya joto gani, na hewa ya joto gani? Binti mmoja wa mauzo akafungua katalogi, akanionyesha kwa kidole maandishi madogo chini ya jedwali: maji nyuzi 20, hewa nyuzi 25. Nikamwambia, mwanangu, maji ya tangi juu ya nyumba zetu saa nane mchana huwezi kuogea. Akapiga hesabu upya, ile tani ikapungua palepale mbele ya macho yangu.

RUKIA: Ikapungua, ukafanya nini?

LALI: Nikaanza kutazama saizi ya juu yake. Kisha umeme. Kwao fezi tatu ni volti 380, kwetu 415. Fezi moja wao 220, sisi 240. Hezi ni 50 kote, kwa hiyo hatuko mbali, lakini iandikwe kwenye oda. Ukinyamaza watakupa ya kwao. Halafu chumvi. Hewa yetu inakula bati, itaacha mashini? Nikataka stenlisi ya 316, inayostahimili chumvi kuliko 304, pale panapoguswa na maji, na mapezi ya kondensa, sehemu inayotoa joto nje, yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu. Na gesi ya kupozea uulize. R22 inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal, na kwa nchi kama yetu mwisho ni 2030. Mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa, soma kibao cha mashini kwanza.

RUKIA: Mimi hapa bado sijaridhika, nakwambia ukweli. Ukinunua kwa wakala Mombasa, ikifa usiku unaye mtu wa kumpigia. Hii yako ikifa mwezi wa kumi na mbili, samaki wamejaa, utampigia nani? Yule binti?

LALI: Ndiyo maana niling'ang'ania kompresa, ile injini inayosukuma gesi. Nikasema sitaki kompresa isiyo na jina, nataka Bitzer au Copeland, ambazo mafundi wa Mombasa wanazijua. Bei ikapanda, nikakubali. Vidude vidogo, sensa, pampu, vali, niliviandikisha vije ndani ya sanduku lilelile.

RUKIA: Bado wakala ana faida yake.

LALI: Anayo. Kwa mtu mmoja anayetaka mashini ndogo, ningemwambia asiende popote. Sisi tulikwenda kwa sababu ni kikundi, na hesabu ilikubali hata baada ya nauli yangu. Isingekubali nisingeondoka.

RUKIA: Na mitaani itapitaje? Hii Amu ni punda na mabega ya watu.

LALI: Hapo ndipo binti wa watu aliponishangaa. Nilikuwa nimepima vichochoro kwa futi kabla sijasafiri, kutoka gatini hadi tutakapoifunga, na pale padogo kuliko pote nikapapiga picha, punda amebeba mawe ya matumbawe, ukuta huku na huku. Nikamwonyesha. Akaicheka, akamwita mhandisi wao. Yule hakucheka, akauliza kila sanduku lisizidi kilo ngapi. Wakakubali kondensa itengwe na mashini, mzigo uje kwa masanduku kadhaa. Nikajua hawa wana kiwanda kweli. Siku ya pili wakanipeleka kukiona.

RUKIA: Pesa ukatoa palepale?

LALI: Hata senti. Ukumbini unauliza, hununui. Amana kwa kawaida ni asilimia 30, na 70 kabla ya mzigo kupakiwa. Jina la akaunti liwe ni lilelile la kampuni iliyo kwenye ankara. Ukipata barua pepe eti akaunti imebadilika, usilipe, mpigie yule uliyemwona kwa macho, kwa video. Na cheti cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hutolewa hukohuko kabla ya kusafirisha. Muuzaji akikwambia utamaliza ukifika, jua atakayemaliza ni wewe.

RUKIA: Ulikula nini, lakini? Mama yako aliniuliza kabla yako.

LALI: Nilikula vizuri! Migahawa ya Waislamu wa Lanzhou iko kila mtaa, tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya ng'ombe. Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, utasikia Kiswahili mlangoni mwa duka. Ijumaa niliswali msikiti wa karibu na stesheni ya treni, penye kaburi ambalo kwa mapokeo yao ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Watu mpaka bustanini.

RUKIA: Na kisiwa cha Manda pale jirani, 2013 watafiti walichimba wakapata sarafu ya Yongle, mfalme wa Uchina, ya mwanzo wa karne ya 15. Hawa wenzetu tumeanza nao zamani.

LALI: Mhandisi nilimwambia hilo. Akaniomba nimtumie picha.

RUKIA: Swali la mwisho limetoka kwa mama wa Langoni. Anataka sahani, thermosi, mapazia, mtaji wake ni mdogo. Aende Canton?

LALI: Hapana. Viwanda vingi pale wanakutajia kiwango cha chini cha oda, na hicho cha chini kitajaza nyumba yake. Kwa mzigo mdogo wa kuchanganya, mji wa Yiwu, hukohuko Uchina, ni bora, lile soko lake la jumla liko wazi karibu mwaka mzima. Au ajiunge na wenzake, waweke mzigo kwenye kontena moja kupitia wakala anayekusanya, kila mtu alipie meta zake za ujazo.

RUKIA: Mimi namjua bibi mmoja wa Malindi anayefanya hivyo na marafiki zake. Nitamshika aje hapa. Juma lijalo ni ushuru na KRA, mamlaka ya kodi, na Lali ameniahidi ataleta risiti.

LALI: Nimeahidi lini?

RUKIA: Sasa hivi.