Anajirusha au Anarushwa? Aikido Kwenye Dojo Dogo

REHEMA: Wasikilizaji hamjambo, karibuni. Mimi Rehema, mtoto wa judo, na leo mwenzangu yuko upande wa pili wa mkeka.

BAKARI: Mimi Bakari, nafanya aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, na naona dada keshakunja mikono ya shati hata salamu hazijaisha.

REHEMA: Sina ugomvi na wewe kaka. Nina swali moja tu, lile ambalo kila anayetazama video ya aikido hulitoa: yule anayepigwa mwereka, mbona kama anajirusha mwenyewe?

BAKARI: Mara nyingine anajirusha kweli.

REHEMA: Heh! Mimi nilijipanga kubishana.

BAKARI: Tutabishana tu, usijali. Chukua mbinu ya kotegaeshi. Mtu kakurushia ngumi ya tumbo, umepisha, mkono wake umeudaka. Gumba lako unalikandamiza nyuma ya kiganja chake, huku karibu na kidole cha pete na kidole cha mwisho, halafu unamkunjia kiganja kuelekea nje huku ukizungusha mwili wako wote. Kifundo cha mkono hakina njia ya kwenda huko. Akikaza mguu na wewe ukaendelea, kitakachoachia ni kifundo. Akiufuata mkono wake, anapinduka hewani na kutua kwa ubavu, mkono mwingine ukipiga mkeka. Huko kuruka ni kuokoa kiungo.

REHEMA: Hapo nimekuelewa. Lakini zipo video mtu anaruka hata hajaguswa.

BAKARI: Huo ni ugonjwa mwingine, na dojo ndogo, yaani kumbi ndogo za mazoezi, zinaupata vibaya zaidi. Nitaufikia.

REHEMA: Sawa. Kabla hujaufikia, wape watu historia kidogo, tena kidogo tu, maana nakujua.

BAKARI: Kidogo. Mwanzilishi ni Morihei Ueshiba, kazaliwa 1883 kule Tanabe, Japani, kafariki 1969. Msingi wa mbinu zake ni Daito-ryu, mtindo wa kupigana wa Kijapani aliofundishwa na Sokaku Takeda baada ya kukutana naye Hokkaido mwaka 1915. Baadaye akaingia kwenye imani ya Omoto chini ya Onisaburo Deguchi, na huko ndiko mtazamo wake kuhusu kupigana ulikobadilika. Mbinu za kuvunja viungo zikabaki, ila shabaha ikawa kummudu mtu bila kumharibu. Jina la aikido lenyewe lilikuja kurasimishwa 1942.

REHEMA: Na usiruke sehemu yangu. Jigoro Kano, baba wa judo, alikwenda kumtazama Ueshiba mwaka 1930, akavutiwa, akapeleka wanafunzi wake wakajifunze pale. Minoru Mochizuki alikuwa mmoja wao.

BAKARI: Siruki. Kenji Tomiki naye alikuwa wa kwenu, alisoma kwa wote wawili, kisha akatengeneza aikido yenye mashindano, mmoja akishambulia kwa kisu laini cha mazoezi. Gozo Shioda akaanzisha Yoshinkan mwaka 1955, wale wana hatua zilizonyooka, unafundishwa kwa vipande vipande. Na shina kubwa ni Aikikai, makao makuu Shinjuku, Tokyo. Alirithi mtoto wa Ueshiba, Kisshomaru, na sasa anaongoza mjukuu, Moriteru. Aikikai hawana mashindano kabisa.

REHEMA: Kwa hiyo mtu akikuta dojo la mtaani lina wanafunzi wanane na mwalimu mmoja, aulize ni la ukoo gani?

BAKARI: Aulize, kwa sababu akienda Yoshinkan na mwenzake akaenda Aikikai, mwezi wa kwanza wanaweza kudhani wanasoma vitu viwili tofauti. Ila siku ya kwanza popote inafanana. Unavua ndala pembeni, unainama kabla ya kukanyaga mkeka, mnakaa kwa magoti mstari mmoja mkiutazama ukuta wa mbele, mnainama tena. Mnanyoosha viungo, hasa vifundo vya mikono. Halafu mgeni anavutwa pembeni akafundishwe kuanguka.

REHEMA: Ukemi. Hilo hata kwetu ni la kwanza.

BAKARI: Ni la kwanza, na kwetu linabaki kuwa nusu ya somo maisha yako yote, maana mnapokezana: ukimwangusha mwenzako mara nne, naye anakuangusha mara nne. Kuanguka nyuma, unakunja mguu mmoja chini yako kana kwamba unaketi juu ya kisigino, mgongo umeviringwa, kidevu kimebanwa kifuani. Wageni huambiwa watazame fundo la mkanda wao. Ukilitazama fundo, kisogo hakigusi mkeka. Kuanguka mbele ndiko kunakotisha. Kichwa hakihusiki hata kidogo. Unaingia kwa ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, unapanda mkono, nyuma ya bega, unakatiza mgongo hadi nyonga ya upande wa pili, unasimama.

REHEMA: Wengi mkono unawalegea katikati.

BAKARI: Unalegea, bega linagonga kwa ncha. Na unasikia! Mtu anayebingirika vizuri sauti yake ni moja ndefu. Asiyejua unasikia bega, kimya, halafu makalio. Mwalimu mzuri anaweza kuwa amekupa mgongo anamsaidia mwingine, akasema "mkono" bila kugeuka.

REHEMA: Mimi judo nilizoea kuanguka kwa kishindo, mkono unachapa mkeka. Nilipojaribu darasa lenu niliambiwa niende polepole kama maji, nikahisi kama mtu anayenisahihisha mwandiko.

BAKARI: Vyote vipo. Ile ya kishindo inakuja na kotegaeshi za kasi. Lakini mtu mzima anayeanza akiwa na miaka hamsini, hii ya kubingirika ndiyo itakayomsaidia akiteleza bafuni.

REHEMA: Haya, kuanguka tumemaliza. Mbinu sasa. Mgeni anaanza na ipi?

BAKARI: Mara nyingi ikkyo. Mwenzako anashusha kiganja kama upanga kuelekea utosini kwako. Unaukuta mkono ukiwa bado unapanda, haujapata uzito, mkono wako mmoja kwenye kifundo, mwingine kwenye kiwiko. Kiwiko unakisukuma kuelekea sikio lake, yeye anageuka, unaingia hatua moja, unakipeleka chini hadi alale kifudifudi. Watu wote hung'ang'ania kifundo. Kiwiko ndicho chenye mtu.

REHEMA: Na nikyo? Ile iliwahi kunipeleka magotini sijui imetoka wapi.

BAKARI: (anacheka) Nikyo haikupi taarifa. Kiganja chako kimebanwa begani kwangu, kiwiko chako kimekunjwa, mimi nainama kidogo tu kama nasalimia. Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu magoti yako yapo chini. Ndiyo maana kabla ya mbinu yoyote mgeni afundishwe kupiga mkeka mara mbili, au paja lake, au mwili wa mwenzake, chochote anachofikia. Ukisikia mapigo hayo unaachia hapohapo. Humalizii.

REHEMA: Turudi kwenye ugonjwa wako.

BAKARI: Ndiyo. Dojo dogo lina uzuri ambao kubwa haliwezi kuununua: mkanda mweusi anafanya na mgeni, mrefu na mfupi, mzito na mwepesi, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kufanya naye. Huwezi kujificha na rafiki yako wa saizi yako. Lakini ubaya wake ni huohuo. Watu walewale kila wiki. Mwenzako anajua utafanya nini, na mwili wake unaanza kuanguka kabla hujamwangusha. Si uongo wa makusudi. Ni adabu iliyopitiliza.

REHEMA: Sisi dawa yetu ni randori, pambano huru la mazoezi. Kila mtu anataka kumwangusha mwenzake, anayeanguka kaanguka kweli.

BAKARI: Na sisi, ukiondoa kina Tomiki, hatuna hiyo. Tuna mazoezi ya kushambuliwa na watu kadhaa, lakini hata hapo wanaoshambulia kazi yao ni kushambulia, hawarudishi. Kwa hiyo ukweli lazima uingizwe mahali pengine, na mimi naamini mahali penyewe ni kwenye mshiko. Shambulio.

REHEMA: Fafanua.

BAKARI: Leta mkono. Nakushika hivi, mshiko wa kawaida wa darasa la kwanza. Huu umelegea, unaona? Kiganja changu kina nafasi katikati. Ukifanya mbinu yoyote hapa utafaulu na hutajifunza kitu.

REHEMA: Natoka bila hata aikido.

BAKARI: Sasa huu wa pili. Nimekaza kama jiwe, bega limepanda, na kwa kuwa najua mwalimu kaagiza mbinu gani, nimeshaiziba njia yake. Mbinu haiendi, najiona shujaa. Nao ni uongo, maana mshambuliaji wa kweli hajui utafanya nini. Nimekaza upande mmoja tu. Ungenipiga kofi kwa mkono ule mwingine nisingekuwa na la kufanya.

REHEMA: Aah. Hawa wa jiwe ndio walionisumbua.

BAKARI: Wako kila dojo. Mshiko wa kweli ni huu: kidole cha mwisho na cha pete ndivyo vinavyobana, kiganja kimejaa, bega limeshuka, na nguvu inakuja katikati ya mwili wako, nataka kukusogeza. Unahisi?

REHEMA: Nahisi nasukumwa tumboni, na mkono hauumi.

BAKARI: Basi. Hapo ukipisha na kugeuka, mimi mwenyewe nina mahali ninapokwenda, unanikuta njiani. Sasa kwenye dojo dogo mnaweza kupatana jambo ambalo darasa la watu arobaini ni vigumu: kama hujaniyumbisha, nasimama. Sikukomoi, sikuzibii, lakini siendi chini. Mwanzoni aibu tupu, kila mtu amesimama wanatazamana. Mwalimu asiyejiamini hataruhusu, maana hata kwake watu watabaki wamesimama.

REHEMA: Hicho ndicho ningekitazama mimi kabla ya kujiunga. Mwalimu mwenyewe anaangushwa?

BAKARI: Kaa pembeni darasa moja zima kabla hujanunua nguo. Tazama mwenye mkanda mweusi anavyomshusha mgeni. Tazama hasa shihonage, ile ya kupita chini ya mkono na kuukunja nyuma ya bega, maana anayeanguka anakwenda chini kisogo kikitangulia. Mzoefu anamshusha mgeni mkono ukiwa karibu na bega la mgeni mwenyewe, polepole, hadi mkekani. Ukiona anamtupa na kuachia kichwa kijitafutie, chukua ndala zako.

REHEMA: Silaha je? Maana nimeona fimbo ukutani.

BAKARI: Fimbo ni jo, karibu sentimita 128, na upanga wa mbao ni bokken. Kisu cha mbao pia. Faida yake kubwa ni umbali. Kwa mikono mitupu unaweza kujidanganya kwamba umesimama mbali. Fimbo inakuonyesha.

REHEMA: Na mikanda?

BAKARI: Mitihani ya kyu, ngazi za kabla ya mkanda mweusi, kwa kawaida kuanzia ya tano kushuka hadi ya kwanza, halafu shodan, mkanda mweusi. Aikikai wanahesabu siku ulizofanya mazoezi, si miezi ya kalenda. Kyu ya tano wanataka zisipungue 30. Ile sketi pana, hakama, kila dojo na desturi yake lini uivae. Sina la kuongeza, haikuongezei mbinu.

REHEMA: Magoti. Mnatembea kwa magoti, nimewaona.

BAKARI: Tunatembea. Mwenye magoti mabovu aseme mapema, afanye akiwa amesimama. Mwalimu akikasirika kwa hilo, tumeshasema kuhusu ndala.

REHEMA: (anacheka) Msikilizaji wetu anaanza wiki ijayo. Abebe nini?

BAKARI: Suruali ndefu inayofunika magoti na fulana ya mikono mirefu, zinatosha mwanzoni. Avue pete, saa na hereni. Akate kucha, za mikono na za miguu. Na afike mapema, madojo madogo wenyewe ndio wanaotandika mikeka.

REHEMA: Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubeba mikeka.

BAKARI: Na ya mwisho kuirudisha. Wiki ijayo zamu yako, dada, utatueleza judo ya ardhini.

REHEMA: Nitakuhitaji ulale chini kama mfano.

BAKARI: Nitapiga mkeka mapema.