Halaiki Kwenye Theluji: Kirkenes na Kazi ya Sanaa Mpakani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Niliombwa nizungumzie sanaa na ushirikishwaji wa jamii, mada pana kiasi kwamba mtu anaweza kuongea saa mbili asiseme kitu. Nimeamua kuibana. Nitazungumzia mji mmoja mdogo na tamasha lake la kila Februari, halafu mtaniuliza maswali.

Mwenye ramani kwenye simu aifungue. Weka kidole Kigali, kisha kipandishe kaskazini, usikipeleke kulia wala kushoto. Utapita Sudan, Misri, Uturuki, Ukraine, utapita pembeni mwa St. Petersburg, na pale bara la Ulaya linapoishia, kabla ya bahari ya barafu, utakuta Kirkenes. Upo Norway, lakini upo mashariki kuliko Istanbul. Mji wenyewe una watu kama 3,500, na wilaya nzima ya Sør-Varanger ina watu kama 10,000. Murmansk ya Urusi iko karibu nao kuliko Oslo, makao makuu ya nchi yao. Mpaka na Urusi una urefu wa takribani kilomita 198 na una kivuko kimoja tu halali, Storskog, mwendo wa muda mfupi kwa gari kutoka mjini. Ukikivuka wakati wa baridi unapeleka saa yako mbele kwa saa mbili.

Mji huu ulizaliwa na chuma. Kampuni ya mgodi ilianzishwa mwaka 1906. Vita vya Pili vya Dunia vikaja na Wajerumani, mji ukapigwa mabomu hadi ukabaki vifusi, na maelfu ya wenyeji wakajificha ndani ya handaki la mgodi kule Bjørnevatn. Kuna watoto walizaliwa humo handakini. Waliowakomboa Oktoba 1944 ni Jeshi Jekundu la Wasovieti, na sanamu ya askari wa Kirusi imesimama mjini hadi leo. Halafu ikafuata miaka ya Vita Baridi: mkombozi wa jana sasa ni adui ng'ambo ya mto, na vijana wa jeshi wanakesha wakimtazama kwa darubini. Nawaeleza haya kwa sababu mtu akija na bango la "urafiki wa mataifa" kwenye mji wa namna hii, wazee wa pale wanamwangalia tu.

Mwaka 1993 mawaziri walikutana Kirkenes wakatia saini ushirikiano wa eneo la Barents, yaani ile ncha ya kaskazini ya Ulaya: Norway, Urusi, Finland, Sweden na wengine. Ilifunguliwa sekretarieti palepale mjini, ikawa inagawa fedha za Wizara ya Mambo ya Nje ya Norway kwa miradi ya watu wa pande mbili, kwaya, timu za watoto, wanafunzi, wasanii. Mwaka 1996 mgodi ulifungwa. Mwaka huohuo kundi la wanawake likaanzisha shirika la sanaa, wakaliita Pikene på Broen, jina la mchoro wa Edvard Munch unaoonyesha wasichana wamesimama darajani. Hao ndio wanaoandaa tamasha linaloitwa Barents Spektakel, tangu mwaka 2004.

Basi niseme nililokuja kulisema. Sisi tunaoandaa matamasha ya mipakani, iwe Tunduma, Namanga au Busia, tumezoea kuandika kwenye maombi ya fedha kwamba sanaa inajenga urafiki. Mfadhili anafurahi, tunapewa, tunaleta ngoma mbili kutoka huku na mbili kutoka kule, picha inapigwa, kwisha. Kirkenes nao wangeweza kufanya hivyo, na fedha za kufanya hivyo zilikuwepo mlangoni. Kilichowafanya wawe na kitu cha kutufundisha ni kwamba katika kazi zao bora waliuliza swali jingine: hawa wakubwa wanautaka nini mji wetu? Na swali hilo walilicheza hadharani, kwa miili ya watu wao wenyewe.

Nitatoa mfano ninaoupenda kuliko yote, wa Februari 2012.

Nani hapa hajawahi kuona halaiki? Uwanjani, siku ya sherehe ya kitaifa, watoto mamia wamepangwa, kila mmoja ana kadi za rangi, filimbi inalia, kadi zinageuzwa, na ukiwa jukwaani unaona mwenge, au sura ya kiongozi. Wengine mlishiriki, naona mnacheka. Mnakumbuka mazoezi ya juani na mwalimu mwenye fimbo.

Sasa msanii wa Kinorway, Morten Traavik, alichukua halaiki akaipeleka Kirkenes. Wachezaji walikuwa askari wa kikosi cha Sør-Varanger, walewale wanaolinda mpaka, vijana walioko jeshini kwa mujibu wa sheria. Na wakufunzi aliwaleta kutoka Korea Kaskazini, nchi iliyoifikisha halaiki mahali ambapo hakuna mwingine amefika. Hebu ioneni akilini. Kijana wa Kinorway wa miaka kumi na tisa, aliyefundishwa tangu chekechea kwamba yeye ni yeye na asifuate kundi, amesimama kwenye baridi kali ameshika kadi, anasubiri ishara ya Mkorea ili awe nukta moja ndani ya picha ambayo yeye mwenyewe haioni. Tamasha hilohilo lilileta vijana wapiga akodiani kutoka Pyongyang, ambao video yao wakipiga wimbo wa bendi ya Kinorway ya a-ha ilishazunguka dunia nzima kwenye intaneti kabla hawajafika.

Watu waligombana. Wapo waliosema ni kumpaka rangi dikteta, na hoja hiyo ina uzito, nitairudia mkiniuliza. Lakini angalieni kazi yenyewe ilivyokaa. Yule askari kila siku anashika bunduki na anatii amri, na mji umemzoea, haumwoni tena. Mpe kadi badala ya bunduki, mpe mwalimu Mkorea badala ya sajenti wake, ghafla kila mtu anauona utii. Mama wa pale aliyekwenda kumwangalia mwanawe alirudi nyumbani na swali kuhusu jeshi la kwao, achilia mbali la Korea. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya sanaa ya jamii. Jamii haikukaa kwenye viti kuangalia jamii nyingine ikicheza.

Mfano wa pili ni wa Februari 2019. Wakati ule Kirkenes ilikuwa imejaa ndoto: njia ya meli ya kaskazini ifunguke barafu ikiyeyuka, reli ijengwe kutoka Rovaniemi ya Finland hadi bandarini kwao, mizigo ya China ishuke pale, na mji wa chuma uwe lango la Ulaya. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini wanaofuga kulungu, waliipinga hiyo reli kwa sababu ingekata malisho. Na mwezi huohuo wa tamasha ikatoka ripoti ya kikundi kazi cha Finland na Norway ikisema reli hiyo kibiashara hailipi. Waandaaji walifanya nini? Waliugeuza mji, kwa siku chache, kuwa mtaa wa Kichina wa kaskazini kuliko yote duniani. Hotuba za maendeleo zinasema wawekezaji watakuja. Wao wakasema haya, wameshakuja, karibuni, mnajisikiaje? Mfanyabiashara aliyeitamani reli na mfugaji aliyeichukia walipita chini ya taa zilezile. Dhihaka ile ilikuwa na adabu, haikumlenga Mchina, ilimlenga mwenye kuota. Mstari huo ni mwembamba, na nakiri si kila mtu aliyeona picha zake alikubali kwamba haukuvukwa.

Kuna kitu kidogo wanakifanya ambacho mnaweza kukiiga kesho bila mfadhili. Wana mfululizo wa mijadala waliouita Transborder Café. Hakuna meza kuu wala chupa za maji zilizopangwa. Mada ngumu inawekwa, ya uvuvi, ya viza, ya jeshi, wanazungumza kidogo, unaingia muziki au onyesho fupi, wanaendelea. Muziki unafanya kazi ambayo mwenyekiti wa kikao hawezi: unampoza aliyepandwa na jazba, halafu yule mkimya aliyekuwa nyuma anapata muda wa kuliweka swali lake sawa.

Niseme neno kwa mafundi mitambo, maana najua mpo. Katikati ya Februari jua limesharudi baada ya giza la karibu miezi miwili, mchana una kama saa saba hivi. Maonyesho ya nje yanafanyika jioni kwenye nyuzi joto kumi chini ya sifuri, pengine zaidi. Betri zinaisha ghafla, nyaya zinakakamaa kama fito, na tarumbeta inagoma kwa sababu mvuke wa pumzi unaganda ndani ya vali. Theluji mpya inameza sauti, kwa hiyo spika zinazotosha uwanja wa mpira kwetu pale zinaweza kuwa kimya. Lakini theluji hiyohiyo inarudisha mwanga, taa chache zinang'arisha uwanja mzima. Na mtazamaji hasimami muda mrefu, kwa hiyo onyesho linakuwa fupi na linaeleweka kwa mbali. Natamani sherehe zetu zingepata baridi kidogo, hotuba zingepungua.

Sasa tuje kwenye sehemu chungu. Kuanzia mwaka 2012 wakazi wa karibu na mpaka walikuwa na kibali maalumu, wanavuka bila viza. Wanorway walikwenda Nikel, mji wa Urusi jirani na mpaka, kujaza petroli, Warusi walikuja Kirkenes kufanya manunuzi, na mwaka 2013 Storskog ilihesabu mivuko zaidi ya 300,000. Majina ya mitaa yaliandikwa kwa Kinorway na kwa herufi za Kirusi. Vuli ya mwaka 2015 ikaja dunia nyingine: watu wapatao 5,500 waliomba hifadhi wakipitia pale, wengi Wasyria na Waafghani, juu ya baiskeli. Sheria ya upande wa Urusi ilikataza kuvuka kwa miguu, na dereva aliyewabeba wasio na hati aliadhibiwa upande wa Norway. Baiskeli ikawa ndiyo tundu lililobaki. Nyingine zilikuwa za watoto, mtu mzima amekunja magoti hadi kidevuni, anaendesha mita chache tu, anashuka, na baiskeli inatupwa kwenye kontena la vyuma chakavu kwa sababu haikidhi viwango vya usalama vya Norway.

Februari 2022, mwezi wa tamasha, Urusi iliivamia Ukraine kijeshi. Norway ikasimamisha ushirikiano wa Barents na Urusi, na Septemba 2023 Urusi ikajitoa kabisa kwenye baraza lake. Tangu tarehe 29 Mei 2024 Norway imewafungia mpaka watalii wa Kirusi. Hata mashada ya maua kwenye ile sanamu ya mkombozi yamekuwa ugomvi kati ya ubalozi mdogo wa Urusi na meya wa mji.

Tamasha lingekuwa la urafiki tu lingekufa hapo. Limeendelea, kwa sababu swali lake halikuwa linategemea lango la Storskog kuwa wazi. Wakubwa wanautaka nini mji wetu? Sasa hivi swali hilo lina makali kuliko wakati wowote.

Haya, maswali. Ndiyo, dada.

Dada ameuliza kama ilikuwa halali kuwaalika Wakorea. Nadhani ilikuwa halali, kwa sharti moja: kwamba utii uliowekwa mbele ya macho uwe wa mwenyeji pia. Ungewaleta wapige akodiani tu, watu washangilie na kupiga picha, ningekubaliana na waliolaumu. Ule upande wa akodiani ndio ninaouona dhaifu zaidi, ingawa ndio uliopendwa zaidi.

Kaka kule nyuma anauliza fedha, nilijua litakuja. Ndiyo, mnufaika wa fedha za wizara ya mambo ya nje anakuwa chombo cha sera za nje, apende asipende. Dawa pekee ninayoiona ni kuchanganya vyanzo mapema, wakati bado wanakupenda. Sera zikibadilika, kama zilivyobadilika mwaka 2022, anayetegemea mfuko mmoja hana hata nauli ya kwenda kulalamika.

La mwisho, kuhusu wasanii wa Kirusi. Wanaovuka sasa ni wachache wenye sababu kama familia, kazi au masomo. Jukwaa limebaki zaidi kwa Warusi waliokwisha kuhama. Hata gazeti la mtandaoni la Barents Observer, lenye makao Kirkenes na lililozuiwa nchini Urusi tangu 2019, limewapokea waandishi wa Kirusi walioikimbia nchi yao. Lakini kuna jambo halijaisha. Norway imeendelea kuziruhusu meli za uvuvi za Urusi katika bandari tatu tu, na Kirkenes ni mojawapo. Kuna mabaharia wa Kirusi bandarini huku wenyeji wakifunga taa za tamasha uwanjani. Mimi ningekuwa mwandaaji wa programu ya mwaka unaofuata, ningekwenda kwanza kwa wakala wa meli, kuuliza ni nani kati ya wale mabaharia anaruhusiwa kushuka na kwa saa ngapi.