Mama hatulazi usiku: hebu kwanza tuongelee mwanga

Niambieni familia, mko poa? Samahani sauti imekauka, nimetoka zamu ya usiku sa hivi na sijalala, ila hii video nishaiahirisha mara tatu na inboksi inazidi kujaa, "dada, mama saa nane usiku anafungasha nguo anasema anaenda kwao, tumfanyeje?" Haya, leo naongelea mwanga. Ndio, mwanga, msinicheke.

Mnajua huku nalea wazee, wengi wana dimenshia, yaani ule ugonjwa wa ubongo wa kusahau na kuchanganyikiwa. Kuna bibi mmoja, simtaji, kila usiku saa tisa namkuta kashavaa, kiatu cha kulia mguu wa kushoto, pochi kwapani, ananiuliza gari imefika? Alafu mchana huyo huyo kutwa anasinzia kwenye kiti kule kona ya TV. Mi nikawa najua ni ugonjwa tu basi. Siku moja nikapakua app ya kupima mwanga nikaweka simu pale pale kwenye kiti chake, laksi 90 (laksi ndo kipimo cha mwanga unaofika mahali). Nikatoka nje, mawingu yametanda, ikasoma zaidi ya elfu 10! Macho yanazoea bwana, hata hatushtuki.

Sasa iko hivi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kijisehemu chenye seli kama elfu 20, ndo saa ya mwili hiyo, inayopanga mtu alale saa ngapi na aamke saa ngapi. Ukiiacha yenyewe kwa wengi inapitiliza masaa 24 kidogo, kwahiyo kila siku lazima isetiwe upya, na kinachoiseti hasa ni mwanga unaoingia jichoni, nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa sio kuona picha, ni kupima mwanga, na zinapenda zaidi ule wa bluu. Mzee lenzi yake imeshakuwa ya manjano, inazuia bluu hiyo hiyo. Alzheimer nayo, ile dimenshia inayowapata wengi, inashambulia saa yenyewe. Alafu sisi kwa upendo wetu tunamfungia chumbani tunashusha pazia eti apumzike, jamani!

Kuna utafiti wa Uholanzi ulitoka 2008, vituo 12 vya kulelea wazee, wazee 189, wengine wakawekewa taa za dari za kama laksi 1000 mchana kutwa, wengine wakabaki na kama 300. Waliopata mwanga akili zilishuka taratibu zaidi, kidogo tu lakini, na dalili za sonona zikapungua asilimia 19. Waliopewa vidonge vya melatonini (homoni ya usingizi) peke yake walipata usingizi haraka ila wakazidi kununa na kujitenga. Na tafiti zingine hazikuona tofauti ya maana, kwahiyo asije mtu akasema dada kasema mwanga unatibu, sijasema.

Nyie fanyeni hivi, asubuhi mtoeni akae nje kivulini au dirishani kabisa, nusu saa, saa nzima, mpigisheni stori asisinzie. Kama ana ugonjwa wa macho au dawa zake haziendani na jua, muulizeni daktari kwanza. Jioni washeni taa mapema na mfunge pazia kabla giza halijaingia, maana kioo cha dirisha usiku kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia, anaona kibibi kinamkodolea macho toka nje, hapo hata mimi ningepiga kelele. Usiku acheni kataa hafifu njia ya chooni asije akaanguka.

Yule bibi wangu wa pochi nlimhamishia kiti dirisha kubwa wiki mbili zilizopita. Jana kaamka tena kavaa, ila saa kumi na moja sio saa tisa. Sasa wa zamu ya mchana kanitext, kiti kimerudishwa kona ya TV eti pale dirishani kinazuia watu wa usafi kupiga deki. Ngoja nilale, nikiamka naenda kukisogeza.