Fenomenolojia: kila istilahi inakwambia uangalie nini

Haya jamani tuanze. Leo sitawapa orodha ya maneno mkakariri, maana watu wengi wanaoikimbia fenomenolojia, yani falsafa inayochunguza jinsi vitu vinavyojitokeza kwetu, huikimbia hapo hapo, mtu anafungua kitabu anakutana na epoke, noema, intenshonaliti, anakifunga. Ninachotaka mkiondoka hapa muwe mnajua ni kimoja: kila istilahi ya fenomenolojia ni agizo, inakwambia uangalie nini na uangalieje.

Kwa hiyo tuangalie. Hii chupa ya maji hapa mezani mnaiona, si ndio? Lakini kinachoonekana kwako sasa hivi ni upande mmoja tu, wa nyuma huuoni kabisa, na bado hakuna hata mmoja wenu atakayesema "naona nusu chupa". Unaona chupa nzima, na ule upande wa nyuma umeshaingia kwenye kuona kwako kama kitu ambacho ungekiona ukizunguka meza. Edmund Husserl, mwanafalsafa aliyeianzisha fenomenolojia, ambaye alianzia kwenye hisabati, alikomaa na mambo kama haya miaka na miaka. Lile tendo lenyewe la kuona, au kukumbuka, au kutamani, ndo noesisi. Chupa kama inavyoonwa, kutoka pembe hiyo uliyokaa, ndo noema. Wasomi mpaka leo wanabishana noema ni kitu gani hasa, ila picha ndogo ya chupa iliyofichwa kichwani sio, hilo Husserl mwenyewe alilikataa.

Na hapo tayari tumeshagusa intenshonaliti bila kuitaja: ukiona unaona kitu, ukikumbuka unakumbuka kitu, fahamu inaelekea kwenye kitu muda wote. Wazo hili Franz Brentano, mwalimu wa Husserl, alilirudisha mezani mwaka 1874, kalitoa kwa wanafalsafa wa zama za kati.

Sasa epoke. Hapa naomba utulivu kidogo kwa sababu ndo panapopotoshwa kuliko pote. Siku nzima tunaishi tukiamini dunia ipo, hatuulizi, huo ndo msimamo wa kawaida. Husserl, kwenye kitabu chake cha 1913, anasema hebu imani hiyo tuiweke pembeni kwanza, na huko kuiweka pembeni ndo epoke. Hasemi chupa haipo! Hata kutilia shaka hatilii. Anachofanya ni kuacha kuitegemea ile imani, ili aone ni namna gani chupa inajitokeza kwako kama kitu kilichopo, jambo ambalo usipofanya hivyo linakupita hivi hivi kila siku.

Jaribuni na muda. Nikisema "kesho asubuhi nitakuja hapa na..." halafu nikanyamaza, mmesikia? "Kesho" imeshapita lakini bado mmeishika, la sivyo msingeelewa kitu, na mko mbele tayari mnangoja neno linalofuata. Ile kushika kilichopita punde hivi ndo retensheni, kule kutangulia mbele ndo protensheni. Sio kumbukumbu, wala sio kubashiri, ni sehemu ya kusikia kwenyewe. Husserl alifundisha haya mwaka 1905, na kwangu mimi ndo kazi yake nzuri kuliko zote.

Mwanafalsafa Martin Heidegger, mwaka 1927, akaona mwalimu wake Husserl ameanzia pabaya, kwamba sisi hatukai tukakodolea vitu macho, tunavitumia. Ukiwa unaandika kalamu huijali, uko kwenye unachokiandika, ikikata wino ndo unaigeukia. Naye mwanafalsafa Mfaransa Maurice Merleau-Ponty mwaka 1945 akauleta mwili: mkono wako huutafuti kabla ya kujikuna, unajua ulipo, kwa sababu mwili sio kitu kingine unachokimiliki, ndo wewe ulivyo duniani.

Mwishoni mwa maisha yake, 1936, Husserl akasisitiza ulimwengu wa maisha, yani dunia hii tunayoishi kabla hatujaipima. Hakuwa anaichukia sayansi hata kidogo, alikuwa anasema vipimo vyake vinasimama juu ya hiyo dunia. Mgonjwa anapimwa homa, namba inatoka, sawa, lakini ngazi alizokuwa anapanda bila kuwaza leo zinamtaka apange kila hatua, na hilo kipimajoto hakilisemi. Ndo maana utakuta wauguzi na madaktari wa magonjwa ya akili wanaisoma fenomenolojia, tena kwa bidii. Tuchukue maswali sasa, na yeyote mwenye swali la noema aanze yeye.