Kamera Kichwani, Mwavuli Mgongoni

Mhadhara kwa wapiga picha vijana, Michenzani, Unguja

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni kwa kahawa. Nimeambiwa wengi wenu humu ni watu wa harusi, wachache ni wa kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara baharini, kule Paje, na mmoja tu ndiye aliyewahi kuruka na mwavuli kutoka ndani ya ndege. Basi yule mmoja akinisikia nimeteleza anivute shati.

Na mimi nilianza na harusi. Miaka minane nimeshindana na mashangazi wanaosimama mbele ya lenzi kila bibi harusi akiingia ukumbini. Baadaye nikavuka kwenda Diani, kwa jirani zetu wa Kenya, nikajifunza kuruka, na baada ya kuruka sana nikaanza kubeba kamera. Tangu hapo naulizwa swali moja tu, barazani, kwenye simu, hata tukitoka msikitini: "Maalim, ninunue kamera gani?" Nitalijibu, lakini si sasa. Kuna jengine linalotangulia: hiki nilichokifunga kichwani, kikinaswa na kamba za mwavuli, nitajinasua vipi?

Nimekuja na mshipi. Ni mshipi wa kuvulia, nimeununua Darajani asubuhi hii. Na hii ni helmeti ya kijana mmoja aliyeniomba nimkagulie. Tazameni. Nauvuta mshipi ukaze baina ya mikono miwili, kisha naupitisha juu ya helmeti, kutoka mbele kwenda kisogoni. Umepita. Sasa ubavuni. Umepita. Sasa kutoka kidevuni kwenda juu, pole pole... mmesikia? Umeingia baina ya kamera na kitako chake, na nikivuta hautoki. Upenyo wenyewe hauingizi hata ukucha. Mvuvi yeyote wa Nungwi ataniambia kwamba mshipi wake hunasa pahala kama hapa, kwenye ufa ambao jicho halikuuona.

Kamba za mwavuli ni nyembamba na zina nguvu. Unapoufungua mwavuli uko kwenye kasi ya kilomita 190 kwa saa hivi, umelala kifudifudi hewani, na kamba zinatoka mgongoni kwako, nyuma ya kichwa, zikinyooka kwenda juu. Ukiwa umelala sawa hazikugusi. Ukiwa umeinama upande, au unageuza shingo kumtafuta mteja wako, zinakupitia sikioni. Hapo ule upenyo usioingiza ukucha unakuwa na maana.

Mwaka wangu wa tatu mwavuli ulinifungukia umejisokota. Mikanda ya mabega ikanibana shingo, na mmoja ukaingia nyuma ya kamera niliyoifunga ubavuni. Kichwa kikalala begani kama abiria aliyesinzia kwenye daladala, sikuweza kutazama juu nikauona mwavuli wangu mwenyewe. Nilichokuwa nacho ni kikamba kidogo kidevuni, cha kufungua ukanda wa helmeti kwa mvuto mmoja. Nikakivuta. Helmeti ikaenda zake na kamera mbili ndani, ikatumbukia baharini nje ya mwamba, na hadi leo naamini kuna pweza amepata nyumba. Nikanyanyua macho, nikajizungusha kinyume mpaka kamba zikafumuka, nikatua. Kamera zile nilikuwa bado nalipia mkopo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni helmeti ya kamera yenye ukanda unaofunguka kwa mvuto mmoja, hata kama una glavu, hata kama huoni. Ifungue ukiwa chini mara hamsini, kwa mkono wa kushoto, umefumba macho, kichwa umekiinamisha upande. Wako wanaopendelea kishikizo ambacho kamera peke yake ndiyo inayochomoka na helmeti inabaki. Si vibaya kwa kamera ndogo. Lakini kama kilichonaswa ni helmeti yenyewe, kishikizo hicho hakikusaidii kitu, ndiyo maana mimi nataka ukanda wa kidevuni hata kama vyote viwili vipo.

Tuje kwenye uzito. Mwavuli ukifunguka vizuri, mwili unahisi uzito wake mara tatu au nne. Helmeti na kamera zake zikiwa kilo moja na nusu hapa mezani, shingoni zinakuwa kama kilo sita kwa kitambo hicho. Mwavuli ukifunguka kwa ukali ni zaidi ya hapo. Kamera ndogo ya kisasa ya vitendo, kama GoPro, ina gramu 150 na kitu, na huna haja ya kuifikiria sana. Kamera ya picha za mnato pamoja na lenzi yake ni jambo jengine: iwekeni juu, katikati, na chini kadiri inavyowezekana, ikikaribia kugusa fuvu la helmeti. Ukiinyanyua kwa kitako kirefu umeipa shingo yako wenzo. Ukiiweka ubavuni, siku nzima ya miruko minane utalala usiku shingo imepinda. Kamera ya video, kwa kuwa ni nyepesi, naiweka ubavuni au kidevuni. Kidevuni ni pazuri zaidi kwa helmeti zile za kufunika uso mzima, maana ni nadra kamba kupita pale.

Kifuani hapana. Najua watu wa baiskeli na watu wa kaiti wanaipenda kifuani. Kwa mrukaji, kifua ndipo penye vishikio vya kuuachia mwavuli mbovu na kuufungua ule wa akiba, na mkono unaotafuta kishikio haufai kukutana na kamera. Na fimbo ya kujipigia picha, ile mnayoiona Forodhani jioni, iacheni Forodhani.

Mkononi je? Hapa kuna habari ya biashara, na naona wengine mmeanza kuniangalia vizuri. Katika mruko wa wawili, mteja akiwa amefungwa kifuani kwa mwalimu, kuna njia mbili za kumpiga picha. Ama anaruka mpiga picha wa tatu pembeni, ama mwalimu anavaa glavu yenye kamera kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ndege ya Cessna 182 inabeba rubani na warukaji wanne. Ukiweka hata mpiga picha mmoja umepoteza nafasi ya mteja wa pili na mwalimu wake. Walimu wenye glavu wanakwenda na wateja wawili kwa safari moja. Ndiyo maana glavu imeenea kila pahala penye ndege ndogo. Kwa ndege kubwa zaidi za Caravan, zile tunazoziona zikitua uwanja wa Karume kutoka Pemba na Dar, hesabu inabadilika, nafasi ipo. Kama fundi, nakiri picha ya glavu inachosha: uso mkubwa, mashavu yamejaa upepo, anga nyuma. Mpiga picha wa nje ndiye anayeweza kukuonesha mtu na kisiwa chake cha Mnemba chini, na mwamba, na ule mpaka wa maji ya buluu na kijani.

Sasa lenzi. Mpiga picha wa nje anakaa mita mbili au tatu kutoka kwa mteja, tena anasogea. Lenzi ya milimita 18 kwenye kamera yenye kihisi kidogo, zile za bei ya kati ambazo wengi mnazo, inakupa fremu ya upana wa karibu mita nne ukiwa umbali wa mita 3. Inatosha watu wawili wakiwa wamenyoosha mikono. Ya milimita 10 inakupa karibu mara mbili, lakini lazima usogee karibu, na ukiwa karibu pua za wateja zinanenepa. Weka tundu la lenzi kwenye f/8, fokasi kwenye mita 2, halafu zungushia pete ya lenzi tepu nyeusi ya kitambaa isisogee. Kuanzia mita moja hadi upeo wa macho kila kitu kitakuwa kikali. Msiiachie kamera itafute fokasi yenyewe huko juu; itaamua mkono wa mwalimu ni muhimu kuliko uso wa bibi aliyelipa.

Kasi ya shata sishuki chini ya 1/500 ya sekunde, na jua likiruhusu napanda 1/1000. Kama lenzi ina kituliza mtikisiko cha ndani, mimi hukizima, kwa sababu upepo unaitetemesha kamera kwa namna ambayo kile kifaa hakikutengenezewa. Kamera ndogo za video zinatuliza picha kwa kukata kingo za fremu, na hizo zinafanya kazi vizuri. Pigeni pana tu mpate cha kukata.

Mwanga ndio utakaowatoa jasho. Mteja anatazama chini, kwa hiyo unateremka kidogo kuliko yeye ili uone uso, na ukishafanya hivyo lenzi yako inatazama angani. Anga jeupe, chini mchanga mweupe na bahari inayong'aa, kamera inadhani mwanga umezidi na inaufunga. Uso wa mtu mweusi kama mimi unageuka kivuli chenye meno. Ongezeni mwanga theluthi mbili za kituo (kile kipimo cha mwanga cha kamera, 'stop'), wakati mwengine kituo kizima, na anga likiungua kidogo liungue. Wazee wa studio za Kenyatta Road, kama Ranchhod Oza aliyeifungua Capital Art Studio mwaka 1930, walizijua nyuso zetu na mwanga wetu. Kamera za leo bado zinahitaji kukumbushwa.

Mikono inashika upepo, haiwezi kubonyeza kitu. Picha za mnato unazipiga kwa swichi ya kung'ata: kiswichi kidogo baina ya meno, waya unapanda ndani ya helmeti hadi kwenye tundu la rimoti la kamera. Ndani, nasema. Waya unaoning'inia nje ni kitanzi, na mshipi wangu utakipata. Kuona unachopiga, unatumia kioo kidogo chenye duara kinachosimama mbele ya jicho. Kukilinganisha na kamera panda juu ya paa Mji Mkongwe, uelekeze duara kwenye ncha moja ya kanisa la Minara Miwili, ung'ate, kisha utazame picha. Ncha ikiwa kando, sogeza kioo, rudia. Usikilinganishe kwa kitu kilicho chumbani; jicho na lenzi ziko mbali kwa kiganja kizima, na kwa kitu cha karibu vitakudanganya.

Kwetu hapa kuna unyevu, na unyevu una vitimbi vyake. Chini ni nyuzi 31. Kila futi 1,000 joto hupungua nyuzi 2 hivi, kwa hiyo kwenye futi 12,000 uko kwenye nyuzi 7, mlango wazi, kamera inapoa. Unashuka sekunde arubaini na kitu, unafungua mwavuli, na unaingia tena kwenye hewa nzito ya pwani na kioo baridi. Kinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na mteja anatua ndani ya ukungu. Kasha la kamera lifungeni kwenye chumba kikavu, na mtie ndani kimoja cha vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Wakati wa kaskazi hata hivyo msiiache kamera juani kwenye lami ikisubiri ndege. Inajizima kwa joto.

Na vishikizo vya gundi: futeni helmeti kwa spiriti kwanza. Jasho, chumvi, mafuta ya nazi ya nywele, vyote vinaila gundi. Bandikeni, muache angalau saa 24. Kinachochomoka kwenye futi 12,000 kinashukia paa la mtu.

Hakikisheni taa ya kurekodi mnaiona au mwenzenu anaiona kabla ya mlango kufunguliwa. Nilimrusha mwanamke mmoja aliyekuwa fungate. Nilipofika chini nikakuta nina video ya dakika kumi na mbili ya sakafu ya ndege na viatu vya rubani, kisha giza: nilibonyeza mara mbili. Mumewe hakunigombeza. Aliuliza tu, kwa upole, kama ninafanya na harusi.

Swali la nani aanze lini. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinashauri miruko 200 kabla ya kubeba kamera yoyote, hata ile ya ukubwa wa kiberiti, na miruko 50 ya karibuni kwa vifaa vile vile vya mwavuli utakavyovitumia. Vijana wananinunia nikilisema hili. Lakini kamera inakula akili. Mwaka 1988 huko North Carolina, mtu mwenye miruko zaidi ya 800 alitoka ndani ya ndege kumpiga video mwanafunzi na mwalimu wake, naye hakuvaa mwavuli. Vifaa vya video siku hizo vilikuwa vizito, vinabebwa mwilini, na wengi wanaamini uzito ule ndio uliompa hisia kwamba kila kitu kipo mgongoni. Mimi kabla ya kupanda ndege nagusa vishikio vyangu vyote, kisha ndiyo naigusa kamera. Sijawahi kugeuza mpangilio huo.

Naam, kamera gani. Kama miruko 200 imetimia, ndogo moja, kidevuni, hakuna nyengine kwa miezi sita. Ile kubwa ya harusi iacheni ikapige harusi, ndiyo itakayolipia miruko.

Wewe kijana wa Paje, uliyekaa dirishani, na wewe una kamba kwenye kaiti yako, na naona kamera imesimama juu ya helmeti yako kama mnara wa simu. Ilete hapa mbele, na mwenzako ashike upande wa pili wa mshipi.