Embe la Malindi na Nzi Asiyejua Mpaka

MWANAISHA: Asalaam aleikum, karibuni kipindini. Tuko hapa hapa Shela, Malindi. Dirisha liko wazi, kaskazi inavuma, na mezani kuna sahani ya ngowe, aina ya embe. Kaka Kahindi, hizi umezitoa wapi?

KAHINDI: Waaleikum salaam, dada. Nimezitoa Ganda, shambani kwa mama. Shika hii, itazame pale karibu na kikonyo.

MWANAISHA: Naona kidoa tu, kama pamechomwa sindano.

KAHINDI: Haya, ipasue.

MWANAISHA: Subiri kisu... Lahaula! Funza! Huyu mmoja ameruka hadi kwenye meza!

KAHINDI: Basi mazungumzo yetu yanaanzia hapo. Serikali inawatafutia wakulima soko la nje, nami nashukuru. Lakini soko lenyewe linafia pale ulipopasua. Jike la nzi wa matunda hutoboa ganda akataga mayai ndani. Ukilitazama embe kwa nje utaapa ni zima.

MWANAISHA: Na nzi huyu tumekuwa naye tangu zamani?

KAHINDI: Nzi wa kwetu walikuwapo. Huyu anayetumaliza asili yake ni Asia, alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Ikafika 2014, Kenya ikajizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya, kabla haijafungiwa. Tulirudi 2021.

MWANAISHA: Miaka saba! Mche wa kupandikiza uliotiwa ardhini mwaka ule wa kufunga ulikuwa umeshazaa misimu kadhaa kabla lango halijafunguliwa.

KAHINDI: Na miaka karibu yote hiyo bidhaa zetu zilikuwa zinaingia Ulaya bila ushuru. Hilo ndilo nataka msikilizaji alishike. Mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Ni jambo kubwa, kwa sababu sasa msamaha wa ushuru una msingi wa kudumu. Lakini embe halikuzuiwa na ushuru. Lilizuiwa na funza.

MWANAISHA: Hapo nakuelewa, ila tusiwanyime watu haki yao. Kuna wakala wa serikali wa kukuza mauzo ya nje, KEPROBA, ulioundwa 2019. Wanawapeleka wazalishaji kwenye maonyesho ng'ambo, wanawakutanisha na wanunuzi. Mkulima wa Marafa atamjuaje mnunuzi wa Dubai peke yake? Na Arabuni ndiko maembe yetu mengi yanakoenda, kama vile majahazi yalivyokuwa yakipakia mtama na ufuta kutoka hapa Malindi na Mambrui karne ya 19.

KAHINDI: Mtama uliolimwa na watumwa, tusisahau.

MWANAISHA: Tusisahau kabisa. Aliyelima hakuona hata senti. Ndiyo maana nauliza leo: mkulima anapata nini?

KAHINDI: Mama yangu msimu uliopita aliuza miti ikiwa bado na maua. Dalali alikuja, akahesabu miti, akalipa, akaondoka. Shida ya karo, angefanyaje? Maembe yalipokomaa hayakuwa yake. Sasa mwambie mtu huyo anunue mitego ya nzi. Alinde tunda la nani?

MWANAISHA: Hapo umegusa penyewe.

KAHINDI: Nzi hawamalizwi na mtu mmoja. Tangu Septemba 2019 Ulaya wanataka ithibitishwe embe halina nzi, kwa mfano litoke eneo lisilo na nzi, au lipitie tiba iliyothibitishwa. Eneo, dada, wala si shamba moja. Makueni wakulima walijipanga eneo zima: mitego juu ya miti, maembe yaliyoanguka yanaokotwa na kufukiwa, na wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, wanafuatilia. Funza akitoka ndani ya tunda hujichimbia udongoni, akatoka nzi. Ukiliacha embe lioze chini ya mti, unafuga.

MWANAISHA: Na hiyo tiba?

KAHINDI: Maji moto. Maembe yanazamishwa kwenye maji ya nyuzi joto 46 na ushei, kwa zaidi ya saa moja. Yakipoa kidogo tu mayai yanapona, yakizidi embe linaiva vibaya. Hicho si chungu cha jikoni, ni mtambo wa pesa nyingi. Kilio changu ni kwamba wakulima wa Magarini na Ganda wawekewe mtambo wao, karibu na shamba, wasisafirishe maembe kwa lori siku nzima yakifika yamechubuka.

MWANAISHA: Mimi nilipokuwa mdogo maji moto walikuwa ni wale chungu wekundu.

KAHINDI: Wale wale! Wanaoshona majani ya mwembe kuwa kiota. Tulikuwa tukiwachoma moto kwa sababu wanauma unapopanda. Kumbe wanakula funza, na nzi wenyewe wanaogopa kutaga kwenye mti wenye chungu hao. Nimemwambia mama asiwaguse tena.

MWANAISHA: Na nani wa kuwafundisha wakulima haya? Katiba ya 2010 ilikiweka kilimo mikononi mwa kaunti, mikataba ya biashara ikabaki Nairobi. Lango linafunguliwa kule, kazi iko huku.

KAHINDI: Na afisa wa ugani huku anaonekana kwa nadra. Lau nusu ya bidii ya maonyesho ingeshuka hadi chini ya mwembe, tungekuwa tunaongea mengine.

MWANAISHA: Kwenu Ganda mmeanza?

KAHINDI: Jumamosi tunachimba mashimo ya kufukia maembe yaliyoanguka, nyumba tisa. Chupa za maji tumezikusanya kwa mitego, bado chambo cha kuvuta madume. Kinachotutia hofu ni shamba la jirani, mwenyewe yuko Nairobi. Miti kumi na saba, haokoti mtu. Usiku unayasikia yakianguka, pu, pu.

MWANAISHA: Mmempigia?

KAHINDI: Mama amempigia mara mbili. Anasema atakuja Pasaka.

MWANAISHA: Pasaka msimu umeshakwisha!

KAHINDI: Ndiyo maana tumemwomba ruhusa tuingie tukaokote wenyewe. Tunasubiri jibu.